Kozi Mtambuka za Sayansi Asilia: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Dodoma

Kozi mtambuka ya sayansi asilia hujengwa juu ya swali, na swali ndilo linaloita fani. Kisima fulani mjini Dodoma kina nitrati nyingi, zimetoka wapi? Mkemia hupima kiasi chake. Mjiolojia huonyesha nyufa za mwamba zinazopitisha maji kutoka juu. Mwanabiolojia hutafuta vijidudu vya kinyesi, na mtu wa takwimu huuliza kama visima vilivyo karibu na vyoo vina nitrati zaidi kweli, au ni bahati tu ya sampuli zilizochukuliwa. Hakuna mmoja wao anayeweza kulimaliza swali peke yake. Wala swali lenyewe si la kubuni: mwaka 1996 Hudson Nkotagu alichapisha tafiti kuhusu kemia ya maji ya chini ya ardhi ya Dodoma, yaliyomo katika miamba migumu iliyopasuka, na maji taka yakaonekana kuwa chanzo kimojawapo cha nitrati hizo.

Kozi ya namna hii hufanana na mambo mawili ambayo si yenyewe. La kwanza ni mseto wa masomo. Mwanafunzi aliyesoma PCB kidato cha sita alikuwa na fizikia, kemia na biolojia katika ratiba moja, lakini kila mwalimu aliingia na lake na kutoka nalo. Shahada za ualimu wa sayansi zenye masomo mawili ya kufundishia ziko hivyohivyo: masomo huishi kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na mlango wake. La pili ni kozi ya kuazima chombo, kama takwimu kwa wanabiolojia au programu za kompyuta kwa wanajiolojia. Kozi hizo ni za lazima na zina faida kubwa, ila chombo kilichoazimwa bila kazi ya kukifanyia hurudi kabatini mara mtihani unapokwisha.

Karibu kila mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania ameshakutana na kozi moja mtambuka bila kuiita hivyo, nayo ni Taaluma za Maendeleo, DS kwa jina la mitaani. Wengi huiona mzigo wa kupitisha, na huisoma kwa madesa ya usiku mmoja. Sababu ni rahisi kuiona: mada ni nyingi, kila moja inatoka kwenye taaluma tofauti, na swali linalozifunga pamoja halionekani kwa mwanafunzi. Kozi mtambuka ya sayansi asilia nayo huharibika kwa njia hiyohiyo pale inapofundishwa kama lundo la mada.

Swali la maji ya Makutupora

Nyanda za kati zimejaa maswali ya aina hii kwa sababu ya maumbile yake. Jiji la Dodoma liko kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita 550 hadi 600. Miezi mingine ni ukavu mtupu. Chini kuna miamba ya graniti na jamii zake yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambayo haina matundu ya kutunzia maji isipokuwa pale ilipooza au kupasuka. Magharibi liko bonde la Bahi, tawi la Bonde la Ufa. Katika nchi ya namna hiyo maji, udongo, chakula na ugonjwa ni mambo yaliyoshikana.

Mfano ulio bora kuliko yote uko kaskazini ya jiji, Makutupora, penye visima virefu ambavyo kwa miongo mingi ndivyo vilivyolinywesha jiji la Dodoma. (Katika machapisho ya Kiingereza jina huandikwa Makutapora, anayetafuta makala mtandaoni ajaribu tahajia zote mbili, la sivyo atakosa nusu ya yaliyoandikwa.) Kina cha maji katika eneo hilo kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Rekodi ndefu kiasi hicho ni adimu katika Afrika ya kitropiki. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London, pamoja na wenzake wakiwamo wataalamu wa maji wa Tanzania kama Lister Kongola, walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo, 1955 hadi 2010. Matokeo yake yanastahili kukaa mwanzoni mwa kila kozi mtambuka inayofundishwa Dodoma: misimu saba tu yenye mvua nyingi kuliko yote ndiyo iliyoleta asilimia 60 ya maji yaliyoingia ardhini. Katika miaka mingi ya kawaida kisima hakijazwi; maji hushuka polepole mwaka baada ya mwaka, mpaka unapotokea msimu kama ule wa Elnino wa 1997/98, ndipo yanapopanda kwa kishindo.

Kuelewa jambo hilo kunahitaji fani zikabidhiane kazi kwa mpangilio. Fizikia ya angahewa hueleza kwa nini joto la bahari, ya Pasifiki na ya Hindi, huamua mvua ya mji ulio mamia ya kilomita kutoka pwani. Sayansi ya udongo hueleza kwa nini mvua ndogo haifiki chini: jua na mimea huichukua kabla. Jiolojia huonyesha bonde lililokatwa na mipasuko, lenye mashapo juu na graniti iliyooza chini yake, na mito ya mchanga ambayo ikijaa kwa siku chache huvujisha maji chini. Hisabati inaingia mwishoni, na inaingia na onyo, kwamba wastani wa mvua wa mwaka hautoshi kupanga matumizi ya maji ya Dodoma. Anayegawanya jumla ya maji yaliyoingia kwa miaka 55 atapata namba safi isiyotokea karibu mwaka wowote.

Mwanafunzi anayeweza kuisimulia hadithi hiyo kutoka baharini hadi bombani, akijua pa kusema "hapa ni kazi ya kemia" na "hapa sina vipimo vya kutosha", ameshaelewa kozi mtambuka ni nini. Kuna mwingine anayezijua fomula zote za mtiririko wa maji ardhini lakini hajawahi kujiuliza mvua imetoka wapi. Huyo bado.

Sumukuvu

Kati ya Mei na Novemba 2016, watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua ugonjwa wa ghafla wa ini, na 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu katika mahindi. Kuvu wanaoitengeneza, hasa Aspergillus flavus, wanaishi udongoni. Mmea uliopigwa na kiu shambani hushambuliwa kirahisi zaidi. Mahindi yaliyoanikwa chini na kuwekwa ghalani kabla unyevu haujashuka kwenye asilimia 13 hivi huwapa kuvu nafasi ya pili. Sumu haina ladha wala harufu, na haimalizwi kwa kupika ugali.

Hapa kozi mtambuka hupita katika biolojia ya kuvu, hali ya hewa ya shambani, fizikia ya ukaushaji, kemia ya upimaji na tiba ya ini, na ndani ya mnyororo huo kuna jambo ambalo wanafunzi wa maabara hulikosea mara kwa mara. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni maikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na 5 kwa ile ya aina ya B1. Kiasi hicho ni kidogo mno, na sumu yenyewe haikusambaa sawasawa katika gunia: punje chache zenye sumu kali zinaweza kuwa pembeni, na kiganja kimoja kilichochotwa juu kikatoa jibu la "salama". Kwa hiyo hitilafu kubwa ya kipimo hutokea ghalani, mkononi mwa mchukua sampuli, kabla hata mashine ya maabara haijawashwa. Mkemia asiyejua takwimu za uchukuaji sampuli hutoa namba yenye desimali tatu isiyo na maana.

Kondoa, Kongwa na hasara ya fani moja

Historia ya mkoa huu imehifadhi mifano miwili ya kazi zilizofanywa kabla ya maswali kukamilika, na yote inafaa kufundishwa polepole.

Wa kwanza ni mpango wa karanga wa Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza mamilioni ya ekari zilimwe karanga kwa matrekta ili Uingereza ipate mafuta ya kula. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Udongo wa Kongwa ni laini ukiwa na unyevu lakini ukikauka hukamaa, na karanga huzaa chini ya ardhi. Kuzing'oa katika udongo uliokamaa ni kuzivunja. Mvua nayo haikuaminika, na rekodi zake zilikuwa chache. Mapema mwaka 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Injinia alijua trekta, bwana shamba alijua karanga, lakini swali la udongo huu, kwa mvua hii, mwezi huu, halikuwa la mtu yeyote. Wazee wa Kigogo waliolima uwele na mtama katika ardhi hiyohiyo walikuwa na sehemu ya jibu.

Wa pili ni wa Kondoa, na si wa hasara tupu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ukichimba makinga maji na kupanda miti katika milima ya Irangi iliyokuwa imeliwa na makorongo. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Uoto ulirudi kwa kasi iliyowashangaza wengi, vitanda vya mito ya mchanga vikapungua upana, na wakulima wakaanza kulima palipokuwa mchanga. Mwanaikolojia huishia hapo akifurahi. Lakini mifugo haikuyeyuka. Ilihamia kwingine pamoja na mzigo wake kwa ardhi, na kaya zilizoipoteza zilipoteza maziwa, samadi na akiba. Mwanaanthropolojia Wilhelm Östberg aliandika kuhusu mageuzi hayo mwaka 1986, na wanajiografia kama Carl Christiansson wakapima udongo. Wakisomwa pamoja picha hukamilika, na hupoteza ule wepesi wa kusema mradi ulifaulu au ulishindwa.

Kabla ya HADO, kundi la watafiti wa Dar es Salaam na Uppsala, chini ya Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple, lilikuwa limeshapima mmomonyoko katika vidakio vidogo vya Dodoma, yaani maeneo yanayokusanya maji ya mvua, vikiwamo Ikowa, Matumbulu na Msalatu. Walichapisha kazi yao mwaka 1972. Njia yao inavutia kwa urahisi wake: bwawa lilichukuliwa kama chombo cha kupimia, na tope lililokusanyika chini yake likaeleza ni udongo kiasi gani ulitoka mashambani tangu bwawa lijengwe. Mwanafunzi mwenye kamba, rula ndefu, mtumbwi na subira bado anaweza kuifuata leo.

Kuchagua kozi

Vyuo vya Dodoma vina mlango zaidi ya mmoja wa kuingilia katika kazi hizi. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki ya sayansi asilia na hisabati, ndaki ya sayansi za ardhi na uhandisi, ndaki ya TEHAMA na vitengo vya sayansi za afya. Ndani yake zimekuwamo shahada ambazo kwa asili yake ni mtambuka: jiolojia tumizi, uhandisi wa mazingira, uhandisi wa nishati jadidifu, mifumo ya taarifa za afya. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, nacho cha mwaka 2007, hufundisha famasia, uuguzi na ualimu wa sayansi. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kina shahada ya mipango na usimamizi wa mazingira. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, safari isiyo ndefu, na kwa mambo ya udongo, misitu na mifugo bado ndicho cha kutazamwa kwanza. Orodha za shahada hubadilika kila mwaka. Za kuaminika ni zile za mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, wa mwaka husika.

Jina la shahada halitoshi kuamulia. Neno "mazingira" limebandikwa kwenye programu zenye kemia ya mwaka mzima na kwenye programu zisizo na kemia kabisa. Kinachosomwa kwa makini ni orodha ya kozi za kila muhula. Shahada ya miaka mitatu hubeba krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kozi ya krediti 10 kwa hiyo ni saa 100. Mwombaji ajumlishe krediti za kila fani: ngapi za maabara, ngapi za hisabati na takwimu, ngapi za kazi ya nje. Programu yenye fani sita za utangulizi na hakuna hata moja inayofika mwaka wa tatu humtoa mhitimu anayejua majina ya vitu vingi. Ushauri unaoshikilia tangu zamani ni kuwa na fani moja ya mizizi, ile ambayo mwanafunzi anaweza kufanya kipimo chake mwenyewe na kukitetea, kisha kuongeza mbili za jirani kwa kina cha kuelewana na wenyewe.

Masharti ya chini ya kuingia shahada, kwa waliomaliza kidato cha sita, ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla isiyopungua pointi 4.0, lakini programu nyingi za sayansi hudai zaidi na hutaja masomo yenyewe. Aliyesoma CBG (kemia, biolojia na jiografia) huwa na nguvu katika maswali ya ardhi na viumbe, ila hisabati humkamata mwaka wa kwanza. Aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) anaweza kuikokotoa milinganyo ya mtiririko wa maji na asijue mizizi ya mkungugu inafika wapi. PGM (fizikia, jiografia na hisabati), mara nyingi inayosahaulika, ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi za maji na hali ya hewa.

Kuisoma

Hisabati ishughulikiwe mapema. Mwanafunzi aliyeishia BAM, hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, hahitaji kuwa mwanahisabati, lakini anahitaji mambo manne yaliyoshikwa barabara: logarithimu, viwango vya mabadiliko, mstari wa mwelekeo na maana ya kutokuwa na hakika kwa kipimo. Muhula mmoja wa kulipa deni hilo humwokoa na sapu za baadaye.

Vipimo vya fani tofauti huandikwa kwa lugha tofauti, na hapo ndipo makosa ya aibu huzaliwa. Mtu wa hali ya hewa husema milimita, mtu wa bomba husema lita. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hivyo paa la mita za mraba 40, katika mwaka wa milimita 550, hupokea lita 22,000. Nitrati ni mtego mkubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani huweka mwongozo wa miligramu 50 kwa lita kwa nitrati nzima, lakini maabara nyingi huripoti nitrojeni peke yake iliyomo ndani ya nitrati, ambapo kiwango hichohicho huwa 11.3. Anayesoma 15 katika ripoti ya nitrojeni na kuilinganisha na 50 atatangaza salama kisima kilichopita kiwango.

Istilahi nazo zinahitaji daftari lake. Neno moja hubeba maana mbili kati ya fani: "mashapo" kwa mjiolojia yaweza kuwa na umri wa mamilioni ya miaka, kwa mhandisi wa bwawa ni ya msimu uliopita. Mihadhara ni ya Kiingereza, wakulima wa Bahi na Chamwino huzungumza Kiswahili na Kigogo, na nyumbani kwa mwanafunzi huenda kuna lugha ya nne. Orodha ya maneno yenye Kiswahili chake, kama kidakio, uvukizi, makinga maji, sumukuvu na nadharia tete, na majina ya Kigogo ya udongo na miti pale yanapopatikana kwa wenyewe, ni kifaa cha kazi sawa na kipimamvua. Jina la kienyeji la udongo mara nyingi huwa limebeba habari ya rangi, unyevu na zao lake kwa mkupuo.

Kazi za kikundi ziundwe kwa kuchanganya. Wanafunzi hupenda kukaa na waliotoka nao shule au programu moja, na kikundi cha wanakemia watano hutoa ripoti yenye kemia mara tano. Kinachosaidia ni kila mmoja kupewa sehemu isiyo ya fani yake: mwanabiolojia akokotoe, mwanahisabati achimbe shimo la udongo. Ripoti itachelewa kidogo, lakini maswali yatakuwa ya kweli.

Utafiti wa mwaka wa mwisho

Hapa kalenda ya chuo ina hila yake. Mafunzo ya vitendo, fildi, huangukia kati ya Julai na Septemba, kiangazi kikavu. Mwanafunzi wa maji au mmomonyoko hufika Kondoa au Mpwapwa, hulikuta korongo limekauka, hupiga picha, hurudi. Kilichochonga korongo hilo, yaani mvua ya dakika arobaini ya mwezi Januari, kilitokea yeye akiwa darasani. Dawa ni kuchagua mahali pa utafiti karibu na chuo, panapofikika kwa miguu au bodaboda katikati ya muhula: mtaro, bwawa dogo, shamba la zabibu, kijito cha mchanga kilicho chini ya vilima vya UDOM. Vipimo thelathini vya mahali padogo, vilivyochukuliwa kila mvua ilipokwisha, vina thamani kuliko siku tatu za mbali. Wanaotaka maswali ya kiangazi nao wasijilazimishe kwa maji yatiririkayo. Ukaushaji wa nafaka, vumbi, na maji yanayochimbwa katika mchanga wa mito iliyokauka ni mambo ya msimu wao.

Kabla ya kupima kipya, hutafutwa kilichokwisha kupimwa, na Dodoma imebarikiwa kuwa na makao ya taasisi nyingi. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ina ramani za miamba. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rekodi za mvua. Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu na mamlaka ya maji ya jiji, DUWASA, zinahusika na visima. Kituo cha Makutupora cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kinashughulikia zabibu, na taasisi ya utafiti wa mifugo iko Mpwapwa, mahali ambapo majaribio ya kupima mtiririko na mmomonyoko yalifanywa tangu miaka ya 1930. Picha za setilaiti za Landsat, zinazoanzia 1972, hupatikana bure, na programu ya QGIS ya kuzichambulia haina gharama. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa bumu, yaani fedha za mkopo wa elimu ya juu, hilo si jambo dogo.

Vibali hufuata ngazi, na haraka haisaidii. Barua ya utambulisho hutoka chuoni, hupita ofisi ya mkoa au wilaya, hufika halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji au mtaa. Ipewe wiki kadhaa. Utafiti unaogusa afya ya watu, hata kwa kupima tu maji ya mtungi wa nyumbani, huhitaji pia kibali cha maadili, na kamati hazikai kila wiki.

Andiko la utafiti lianze na swali la sentensi moja, lenye mahali na wakati ndani yake. "Tathmini ya ubora wa maji Dodoma" si swali. "Je, nitrati katika visima vifupi vya mtaa huu hupanda baada ya mvua kubwa ya kwanza?" ni swali, na linajipangia lenyewe ratiba, vifaa na idadi ya sampuli. Msimamizi wa pili kutoka fani nyingine aombwe tangu mwanzo, hata kama kanuni hazimtaki, kwa sababu kosa la kijiolojia ndani ya tasnifu ya kemia halionekani na mkemia.

Sampuli zilizobaki zihifadhiwe kwa lebo yenye tarehe, saa, kina na alama za GPS, na nakala ya vipimo vyote ibaki idarani kwa atakayekuja mwaka unaofuata; rekodi ya Makutupora ilianza na watu walioteremsha kamba kisimani na kuandika namba daftarini. Nakala nyingine, iliyofupishwa kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja na kutaja kisima gani kina nini, irudi kwa mtendaji wa kijiji aliyegonga muhuri.